Mashine Inayotaka Kukaa Kavu

Baba alitaka asomewe historia yake ya mazishi angali hai, ili apate nafasi ya kubisha. Hakuwa anakufa. Alikuwa apasuliwe tezi dume siku ya Jumatano katika hospitali moja kule Kajiado, na daktari alimwambia kwamba upasuaji huo ni wa kawaida. Baba alimjibu kwamba kila upasuaji ni wa kawaida ukiwa wa mtu mwingine. Kwa hiyo tulikuwa na muda mpaka Jumanne jioni: historia imalizike, itiwe picha, ipigwe chapa, asomewe neno kwa neno, kisha aikunje na kuitia katika mfuko wa koti aende nayo. Bila karatasi hiyo, alisema, hapandi kitanda cha mtu.

Nami nilijua ana ukaidi wa kutosha kutimiza neno lake. Daktari alikuwa ameniita kando akaniambia kwamba mzee ameshaahirisha mara mbili, na akiahirisha ya tatu mkojo utakataa kutoka, tutakuwa tunakimbizana na mambo mengine kabisa. Sikumwambia Baba hayo. Nilimwambia tu tuandike haraka.

Chanzo cha ukaidi huo kilikuwa mazishi ya mama, mwaka mmoja nyuma. Aliyesoma historia ya mama alikuwa mtu wa kamati ya mazishi ambaye hakuwahi hata kuonja chai yake. Alisema mama alizaliwa mahali ambapo mama hakuwahi kukanyaga. Alisema marehemu alipenda sana wageni. Mama yangu! Mama ambaye akisikia hodi alitufanyia ishara tunyamaze, nyumba nzima ikashika pumzi mpaka mgeni achoke aende zake. Watu walilia, mimi pia nililia, lakini Baba aliniinamia sikioni akaniuliza, "Sasa huyu wanazika ni nani?"

Hapo ndipo alipoapa kwamba historia yake haitakuwa na uongo hata mmoja.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Kitengela, ndoa yangu ilikuwa imeshafunga virago, na Baba alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha magadi kule Magadi akaja kukaa nami. Sisi ni Wakamba. Baba alishuka Magadi akiwa kijana, akafanya kazi huko miaka ishirini na tisa, akapanda tena na Kimasai cha kutosha, jozi ya viatu vizito, na mkebe mdogo wa bati uliowahi kuwa wa rangi ya viatu. Mkebe huo alikaa nao chini ya kitanda, na sikuwahi kumuuliza una nini. Aliniita Mwaitu, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yake. Jina hilo lilimpa ruhusa ya kunidekea kama mtoto asubuhi na kuniamrisha kama baba jioni.

Kompyuta yangu ilikuwa ya mtumba, kutoka ofisi moja ya Nairobi iliyokuwa ikibadilisha mashine zake. Ilikuwa na rangi ya uji na mngurumo wa friji, nami niliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama kila kitu chenye heshima katika sebule zetu. Kuandika iliweza. Picha ndiyo iliyoishinda. Baba alikuwa ameteua moja tu: yeye na mama mbele ya nyumba ya kampuni kule Magadi, mwaka niliozaliwa, wote wawili wamekunja macho kwa ule weupe wa ziwa. Kila nilipoiingiza katika karatasi, mashine iliganda, mshale hausogei, nami nikabaki nikiitazama kama mbuzi atazamavyo lango jipya. Niliizima kwa nguvu mara nne.

Nilimwendea fundi. Duka lake lilikuwa kwenye barabara ya Namanga, chumba chembamba nyuma ya duka la mbao. Alikuwa Mmasai wa rika langu aliyeuza ng'ombe wa sehemu yake ya urithi akanunua kompyuta tatu, na watu wa kwao walikuwa hawajaamua bado kama karogwa au kaelimika.

"Takwenya, Mwalimu," alinisalimia.

"Iko," nikaitikia, kwa kuwa kiasi hicho cha Kimasai hata mimi ninacho.

Nilimweleza. Alicheka. "RAM yako ni kidogo. Hiyo picha ikiingia haina mahali ya kukaa. Weka hii kando ya ile ya zamani, itakuwa sawa." Alinipa kibao kidogo cha kijani, chembamba kama rula iliyokatwa nusu, chenye safu ya meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja. Akanifundisha: ondoa kwanza ile ya zamani uone inavyokaa, irudishe, kisha sukuma hii mpya kwenye mfereji wa pili mpaka usikie tak. Nikamwambia nimefundisha watoto sitini kugawanya kwa desimali, sitashindwa na tak.

Jumamosi mchana nikatandaza gazeti mezani, nikafungua kifuniko kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na vumbi la Kitengela la kutosha kupanda maharagwe. Nikapangusa, nikachomoa RAM ya zamani nikailaza juu ya gazeti kando ya mpya. Hapo mwenye maji akapiga mluzi langoni, yeye na punda wake na mkokoteni wake wa mitungi. Ilibidi nitoke, maana nisiposimama pale mitungi ishirini huwa kumi na saba. Baba nilimwacha kwenye kiti chake kando ya meza, mikono magotini, akiitazama ile mashine iliyo wazi.

Niliporudi nikairudisha ya zamani, tak, nikatia mpya, tak, nikachomeka waya, nikabonyeza. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Kisha ikaanza kulia: piii. Ikapumzika. Piii. Ikapumzika. Piii.

Nikazima, nikawasha. Piii. Nikachomoa ile mpya, nikaacha ya zamani peke yake, ile ile iliyokuwa ikifanya kazi asubuhi. Piii. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kwa dhati. Mpya ikikataa ningeelewa, mgeni ana haki ya kukosana na wenyeji. Lakini ya zamani ilikuwa imekosewa nini?

"Inalia ukavu," Baba alisema kutoka kitini.

"Baba, wacha tu. Hii si mambo ya ukavu."

Sikurudisha skrubu za kifuniko, kwa kuwa nilijua nitafungua tena. Jioni ile nilifungua na kufunga hadi vidole vikaniuma, na mashine ikalia hadi jirani akaja kuuliza kama tumefuga vifaranga.

Kesho yake, baada ya kanisa, nikaifunga mashine kwa leso nikaipakia kwenye mkokoteni wa maji, kati ya mitungi mitupu. Punda hajui Jumapili. Fundi akaifungua, akachomoa RAM zote mbili, akazigusa meno kwa kidole, akanusa kidole.

"Mwalimu, unakaanga mandazi karibu na hii kitu?"

"Jikoni ni chumba kingine!"

"Basi ni mikono yako. Ulijipaka mafuta ukaishika."

Ningebisha vipi? Ukame wa mwaka ule ulikuwa unatupasua midomo na visigino, nani asiyejipaka mafuta Kitengela? Nikaona aibu, mwalimu mzima. Fundi akachukua raba ya penseli, ile ile ya watoto wa shule, akasugua yale meno ya dhahabu kama anafuta hesabu iliyokosewa, akapangusa mifereji kwa kitambaa na spiriti, akarudisha. Pii moja fupi, na skrini ikawaka. Nikafurahi hata nikamsifu punda njiani.

Nyumbani ikawaka vilevile: pii moja fupi, kisha rangi.

"Bado inalia," Baba alisema.

"Hiyo ni salamu, Baba. Ikiwa nzima inalia mara moja."

"Mashine haisalimii mtu, Mwaitu. Mashine ikilia imekauka."

"Baba, tafadhali. Kuja uone."

Nikaiingiza picha, na picha ikaingia. Mama akatokea katikati ya skrini, macho yamekunjwa, mkono mmoja kiunoni. Baba akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza. Alimtazama muda mrefu. "Ametoka mkali vile alikuwa," akasema, nami nikajidai nasahihisha nukta.

Kisha akaketi wima, kama mbele ya msimamizi, akasema, "Andika." Sehemu ya utoto tulikuwa tumeimaliza, ya ndoa pia. Iliyobaki ilikuwa ya kazi. Niliandika saa nzima. Lazima nikiri jinsi nilivyoandika: vidole vilikuwa kazini na kichwa kilikuwa kwenye vituo na herufi kubwa. Mwalimu aliyezoea kusahihisha huona makosa, haoni habari. Nilijua Baba alikuwa "wa mashine" kule Magadi, na watoto wengi wa kule hawakujua zaidi ya hapo kuhusu baba zao: anaondoka alfajiri, anarudi mweupe kwa vumbi la magadi, analala. Umeme ulipoanza kupepesa nikahifadhi, nikazima, nikamwambia kesho jioni tutapiga chapa.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda shule, nikabonyeza ili tu nijipe moyo.

Piii. Ikapumzika. Piii.

Nilisema neno ambalo mwalimu hasemi. Mikono yangu nilikuwa nimeiosha kwa sabuni ya kipande mara tatu siku iliyotangulia, na tangu tuifikishe nyumbani sikuigusa ndani. Nilikwenda shule nikiwa sielewi dunia. Siku hiyo nilifundisha darasa la sita methali, "kikulacho ki nguoni mwako," nikawafafanulia vizuri kwa mfano wa chawa, na mtoto mmoja akajikuna. Nikasahihisha madaftari, nikala maharagwe, nikawauliza walimu wenzangu. Mmoja alisema ni vumbi. Mmoja alisema umeme wa mtaa wetu una nguvu za kurukaruka na unaiudhi mashine. Dada mmoja wa kanisa alisema niombee nyumba, kwa maana kinachofanya kazi kwa fundi kikakataa nyumbani kimekatazwa na kitu kilichomo nyumbani. Nilimkasirikia sana. Wa mwisho huyo, sasa naona, ndiye aliyekuwa karibu na ukweli kuliko wote.

Jioni ile umeme ulipotea Kitengela nzima, na fundi alikuwa amefunga. Nikakaa mbele ya ile mashine nyeusi na mshumaa. Sikuweza kuiwasha, sikuweza kuibeba, sikuweza hata kuigombeza ikasikia. Je, ni soketi? Ni kitambaa cha kufuma, kinaibania pumzi? Ni mimi? Nilianza kufikiri kweli kwamba ni mimi, kwamba nina mkono mbaya, kama wale watu ambao wakipanda pilipili haioti.

"Tukikosa hiyo karatasi?" nikamuuliza Baba.

"Tukikosa siendi."

"Baba, utaumwa."

"Nitaumwa nikiwa najulikana mimi ni nani."

Nikainuka kwa hasira nikaenda kwa jirani kuomba mshumaa mwingine, na huko nikalia kidogo kwenye kona ya ua wake, kwa hofu tupu. Niliporudi Baba alikuwa kitini pake, mikono magotini, mtulivu kama mtu aliyemaliza zamu yake.

Jumanne nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Saa sita mchana mkokoteni wa maji ulikuwa langoni, na saa saba fundi alikuwa na ile RAM mkononi. Safari hii hakucheka. Alipitisha ukucha kwenye meno ya dhahabu akanionyesha: weusi mzito, unang'aa.

"Mwalimu, hii si mafuta ya kupika. Hii ni grisi. Na imeingia hadi kwa mfereji, imewekwa vizuri, kidogo kidogo, mwanzo hadi mwisho. Kwenu kuna mtu ako na gari?"

"Hatuna gari. Hatuna hata baiskeli."

"Basi kuna mtu hakupendi."

Niliwapitia wote kichwani. Jirani wa vifaranga. Mwenye maji. Aliyekuwa mume wangu, ambaye alikuwa mbali na asingejitaabisha hivyo hata kwa chuki. Hakuna aliyefaa. Wakati huo fundi alisugua kwa raba, akapangusa kwa spiriti, akachukua sindano nyembamba akakwangua mfereji kama anayemtoa mtu mwiba. Pii fupi. Ikawaka.

"Piga chapa hapa hapa," nikamwambia. "Baba anapasuliwa kesho, na nikitoka na mashine hii bila karatasi, nimekwisha."

Printa yake ilikuwa ya polepole, inatoa mstari kama inayoufikiria kwanza. Ukurasa wa kwanza: kuzaliwa, mbuzi, shule aliyoiacha. Wa pili: mama, picha, nyumba ya kampuni. Wa tatu ukatoka, nikaushika ungali na joto, nikaanza kutafuta makosa kama kawaida yangu. Nikasoma:

"Kazi ya marehemu ilikuwa grisi. Kule Magadi, magadi hula chuma kama mchwa ulavyo mbao, na chuma kilichofunguliwa kikafungwa kikavu hakimalizi mwezi. Mtu wa grisi huja mashine ikisimama na huondoka kabla haijawashwa, kwa hiyo hakuna amwonaye wala amshukuruye. Marehemu hakuwahi kukuta mashine iko wazi akaipita hivi hivi. Hakuwahi kusikia mashine inalia akaenda kulala."

Niliyaandika mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia. Nikakaa juu ya mtungi wa maji.

"Nani?" fundi akauliza.

"Ni Baba."

Akaisoma ile karatasi amesimama. Akaanza kucheka, nami nikaanza kucheka, kisha nikaona nacheka na machozi yanashuka, na yeye akaacha. "Na ndiye anapasuliwa kesho?"

"Kesho asubuhi."

"Basi usimwambie mzee. Mwambie ilikuwa stima. Mtu haendi kwa kisu na mzigo kama huo."

Niliona ana hekima. Njia nzima, nikitembea kando ya punda, nilijipangia uongo wangu: umeme ulirukaruka, fundi akarekebisha, yamekwisha. Uongo mdogo, wa huruma, kwa mzee mmoja, kwa usiku mmoja.

Baba alikuwa amekwisha kunyoa na kuvaa shati la hospitali, yaani shati lake jipya, kwa kuwa hakutaka wauguzi wamwone na la zamani. Mfuko wake ulikuwa mlangoni. Nikaiweka mashine mezani, nikaketi mbele yake, nikaanza kusoma. Alifumba macho. Kwenye utoto aliitikia kwa kichwa. Kwenye picha aliomba aione, akaishika, akanirudishia. Nikaingia ukurasa wa tatu. "Kazi ya marehemu ilikuwa grisi," nikasoma, na nilipofika pale pa mashine iliyo wazi sauti yangu ikanisaliti. Nikakohoa. Nikaanza tena. Ikanisaliti tena.

Baba akafumbua macho. Aliniangalia, akaangalia kompyuta, akaangalia vidole vyake.

"Mwaitu," akasema, "ni mimi?"

Uongo wangu ulikuwa tayari, umeshapanga mstari mdomoni. Lakini nilikuwa nimeshika mkononi karatasi ya mtu aliyeapa isiwe na uongo, na nikamkumbuka yule mtu wa kamati na wageni aliodai mama aliwapenda. Nilihisi kwamba nikimdanganya sasa, nitakuwa nimeanza kumzika.

"Ni wewe, Baba."

Nikachomoa RAM moja nikamwekea kiganjani, nikamweleza kadiri nilivyojua mimi mwenyewe: kwamba yale meno lazima yagusane na meno mengine, chuma kwa chuma, na grisi ikikaa katikati umeme haupiti, mashine haijioni, inalia. Aliigeuza upande huu na upande ule, akapitisha kidole gumba kwenye meno taratibu sana, kama mtu anayempapasa mtoto wa mtu.

"Kumbe iko mashine inataka kukaa kavu," akasema hatimaye.

"Iko, Baba."

"Miaka ishirini na tisa hakuna mtu aliniambia."

"Kule hazikuwako."

Akakilaza kile kibao mezani. Niliogopa. Nilidhani ataniambia nifungue ule mfuko wa mlangoni, nirudishe nguo kabatini. Badala yake aliinama, akavuta ule mkebe wa bati kutoka chini ya kiti, maana siku hizo ulikuwa umehamia hapo, akauweka mezani karibu na kompyuta, umefungwa.

"Hiyo karatasi iko na nafasi hapo chini?"

"Iko."

"Chukua kalamu. Andika." Akaketi wima. "Marehemu alitunza mashine nyingi na hakuharibu hata moja, isipokuwa moja ya binti yake, ambayo aliipaka grisi mara tatu."

"Mara mbili, Baba. Jumamosi na Jumapili usiku."

"Tatu. Jana jioni ulipoenda mshumaa. Andika tatu."

Nikaandika tatu. Akaisoma mwenyewe, akiiweka mbali na macho, akaikunja mara mbili, akaitia katika mfuko wa koti. Kisha akaniuliza kama chakula kiko tayari, kwa sababu alikuwa ameambiwa asile baada ya saa mbili usiku.

Upasuaji ukawa wa kawaida kweli, na Baba akakaa nami miaka saba zaidi. Hakuigusa tena ile kompyuta, ila kila nilipoiwasha ikatoa ile pii yake fupi, aliitikia "Aah" kutoka kitini, kama anayejibu hodi. Karatasi alikuwa akiihamisha kutoka koti hadi koti.

Tulimzika nyumbani, Ukambani. Mchungaji alipoipitia ile historia asubuhi ya mazishi, alinyoosha kidole kwenye ule mstari wa kalamu wa chini. "Mwalimu, hii ya mwisho ni kama mzaha. Tuiruke?" Nikamwambia haitarukwa, na kwamba nitaisoma mwenyewe. Nikaisoma yote, bila kuongeza wala kupunguza, na nilipofika kwenye grisi mara tatu watu wakaangua kicheko, kicheko kikubwa kile cha msibani kinachowapa watu pumzi. Lakini wazee wanne waliotoka Magadi kuja kumzika mwenzao, waliokuwa wameketi safu ya mbele na kofia zao magotini, hawakucheka. Walitazamana. Kisha mmoja wao, ambaye alikuwa zamu moja na Baba, akainua mkono kama mwanafunzi, akaniuliza mbele ya umati wote:

"Sasa mama, hapo alikosea wapi? Si ilikuwa inalia?"